Kroketi za Casildo

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga aliyepiga shati pasi. Nilimtoa mke wangu Nieves tukale kwa Casildo, kwenye sebule aliyoigeuza mgahawa: meza sita, mlango unatazama reli. Jumapili nusu ya mji wetu wa Placetas inakula pale. Ila mimi sikwenda kwa njaa, nilikwenda kumbembeleza Casildo mwenyewe.

Shida yenyewe ni nguruwe. Binti yetu Yusimí anatimiza miaka kumi na mitano mwezi wa kumi na mbili, na kwetu sherehe ya umri huo bila nguruwe mzima juu ya makaa ni sawa na kumwambia mtoto abaki tu na kumi na minne. Nguruwe ninaye, yuko uani. Makombo ya kumlisha nilikuwa nachukua kwa Casildo, ndoo imejaa kila jioni. Kisha ndoo ikaanza kuja nusu, kisha robo, kisha maji ya kuoshea vyombo na ganda la ndizi linaelea juu. Nguruwe akabaki mbavu na masikio.

"Kaka Heriberto, nifanyeje?" Casildo akaniambia. "Siku hizi wateja hawabakizi kitu. Mapishi yamenoga!"

Basi nikaenda kuyasifia hayo mapishi, labda moyo wake ungelainika.

Kitambaa cha plastiki mezani kilining'ang'ania kiwiko. Nzi watatu walikuwa wameshafika kabla yetu na hawakutaka kuhama. Muhogo ulikuwa na nyuzi za kusukia kikapu. Lakini kroketi, yaani kuku wa kusaga aliyeviringishwa na kukaangwa, zilikuja za moto, nene kama kidole gumba, na mimi na tamaa yangu nikamaliza tatu, nikaomba na ndimu.

Nieves alikuwa anaichokonoa yake kwa uma. "Kroketi ya kuku ina haragwe jeusi ndani."

"Huyo kuku alikula mchana," nikamjibu, nikacheka peke yangu.

Ya nne ikanichoma kwenye kaakaa. Nikatia vidole mdomoni, nikavuta. Kijiti cha kuchokolea meno. Vijiti hivyo navijua vizuri. Kila jioni huviokota kwa mkono kwenye ndoo, maana kimoja kiliwahi kumkaba nguruwe. Hiki kilikuwa kimeshatafunwa, ncha imechambuka kama mswaki, na aliyekitafuna si mimi.  

Nikaingia jikoni bila kubisha. Casildo alikuwa kwenye mashine ya kusagia nyama, pembeni yake rundo la sahani zilizotoka mezani. Anakwangua, anasukumia ndani: wali mkavu, ngozi ya kuku yenye alama za meno, kipande cha mkate chenye rangi ya mdomo ya bibi fulani. Chini mashine inatema uji wa kijivu, unatoa povu.

"Casildo, hicho ni chakula cha nguruwe wangu!"

Hata hakushtuka. "Kinapita kwenye mafuta ya moto, kaka. Nani kafa?"

"Nimekula tatu, mwanaharamu wewe!"

"Na ukaomba ndimu."

Akajifuta mkono kwenye aproni, akanisogelea, akashusha sauti. "Sikiliza. Kuanzia kesho, ndoo mbili, zimejaa. Yusimí apate nguruwe wake. Wewe rudi mezani, nyamaza."

Ndoo mbili. Mate ya mtu nisiyemjua yalikuwa bado ulimini mwangu, na kichwa kimeshaanza kumpima nguruwe kwa kilo.

"Mpaka juu?" nikauliza.

"Heriberto!"

Nieves alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. "Yaani unauliza mpaka juu? Mwanangu atakula supu ya mifupa siku yake, na wageni wake watakula supu ya mifupa. Hatunyamazi kwa ajili ya nguruwe. Na wewe Casildo, unajua unachotuwekea kwenye sahani?"

Alisema kwa sauti ile anayomwitia mtoto kutoka mtaa wa pili. Sebuleni uma zikanyamaza.

Casildo akakunja mikono kama anasali. "Shemeji, taratibu, nakuomba. Watu wanakula."

"Hao hawali, Casildo. Wanamalizia alichobakiza mwenzao."