Waya Kwenye Swichi

Kiwanda chetu cha maboksi kilikuwa na mashine ya kukatia yenye kifuniko cha wavu. Ukikifungua, kisu kinasimama. Karatasi zilikuwa zikikwama kila mara, basi sisi mafundi tulikuwa tukiifunga kwa waya swichi ya kifuniko ili kisu kiendelee hata kifuniko kikiwa wazi. Sheria yetu haikuandikwa popote: aliyefunga ndiye anayefungua, kabla hajakabidhi zamu.

Jioni moja nilimkabidhi zamu shemeji yangu, mume wa dada yangu, nikakimbilia darasa la jioni. Nilikuwa sijakosa kipindi hata kimoja kwa miaka minne. Waya niliokuwa nimeufunga sikuufungua.

Mwalimu wetu, aliyewahi kusomea upadri, aliandika ubaoni neno la Kilatini: mentiri, kusema uongo. Alisema shina lake ni mens, yaani akili. Mwanzoni kudanganya kulikuwa ni kubuni jambo kichwani.

"Basi mjinga hadanganyi, mwalimu?" niliuliza.

"Mjinga anakosea tu, Bwana Maboksi. Mwongo sharti aujue ukweli kwanza."

Darasa lilicheka. Mimi niliandika kila neno, kwa mwandiko mzuri. Saa hiyohiyo shemeji alifungua kifuniko atoe karatasi iliyokwama, na kisu hakikusimama. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali.

Asubuhi mkaguzi wa usalama alituita ofisini. Dada yangu alikuwa ameketi kwenye benchi, viatu vya mumewe vimefungwa kwenye gazeti mapajani pake.

"Nani alifunga waya?" mkaguzi aliuliza.

Ningeweza kusema sijui, nikaishia hapo. Lakini kichwa changu kilikuwa kimenolewa. Nilisema nilimwachia mashine ikiwa salama, nikamwona akitafuta waya, nikamwonya: shemeji, haraka haraka haina baraka. Methali niliiongeza papo hapo.

Mkaguzi aliandika: uzembe wa marehemu.

Nje, dada alinishika mkono. "Kaka, ulipomwonya alikujibu nini?"

"Alicheka."

"Hata mimi alikuwa akinicheka nikimwambia apunguze mwendo." Aliuangalia ule mzigo wa gazeti. "Kichwa maji. Ameniachia watoto watatu kwa ajili ya dakika mbili."

Hakulia mazishini. Wanawe aliwalea kwa mfano huo: ukifanya pupa, utakufa kama baba yako. Picha ya baba yao haikutundikwa ukutani. Kila mwaka nilijiambia nitasema, na kila mwaka dada alinitegemea zaidi: nilimsomea barua, nilimjazia fomu, nikawa msomi wa ukoo.

Alipougua mara ya mwisho aliniita kitandani. Nilikwenda nimeazimia kumwambia.

"Wewe ndiye unayejua kuandika," alisema kabla sijafungua mdomo. "Waandikie wanangu wasinizike karibu na baba yao. Sina la kuzungumza na mtu asiyesikia."

"Dada, kuna jambo."

"Andika kwanza, kaka. Nimechoka."

Niliandika. Nilipoinua kichwa alikuwa amelala, na hakuamka. Kaburi lake lilichimbwa upande wa pili wa njia, kama nilivyoandika.