Rangi ya Deodato

Tangu asubuhi Winifred Abernethy hakutulia. Alifagia kibaraza, akakifagia tena, akafuta vioo vya rangi vya juu ya mlango, akabadilisha blauzi aliyokwisha kuibadilisha. Afisa wa urithi wa jiji la Toronto alikuwa anakuja, jamani, na mwalimu huyu mstaafu alikuwa na kiherehere cha mtoto anayengoja sikukuu.

Alikuwa na sababu. Nyumba yake ilikuwa nusu ya nyumba. Ilijengwa kwa tofali za kuchoma katika miaka ya mwisho ya Malkia Victoria, paa moja la ncha, ukuta mmoja katikati, familia moja huku na nyingine kule. Kule aliishi Dona Lucília Furtado, mjane wa Kireno kutoka visiwa vya Azores. Sasa Nelson, mwanawe Lucília, alikuwa amepata mnunuzi aliyetaka kuibomoa nusu ya mama yake asimamishe jengo la vioo lenye umbo la sanduku. Yaani nyumba ikatwe katikati kama mkate! Lucília mwenyewe hakutaka kuhama, lakini mwanawe alikuwa amemchosha kwa maneno. Dawa ilikuwa moja tu: jiji liitangaze nyumba kuwa mali ya urithi, na hapo hakuna atakayeigusa kwa nyundo.

Winifred aliamini ushahidi wote uko upande wake. Zamani, yeye na marehemu mumewe Alistair walipohamia, walifanya walichofanya vijana wasomi wote wa mitaa ile: walimwita mtu wa mashine ya kurusha mchanga, akaupiga ukuta mpaka masizi na rangi kuukuu vikatoka, tofali zikabaki wazi. Walijiona hao! Deodato Furtado, mume wa Lucília, yeye aliupaka upande wake rangi nyekundu nzito, kisha kwa brashi nyembamba akachora mstari mweupe kwenye kila kiungo cha tofali. Wareno wengi wa mtaa ule walipaka hivyo, ila Deodato alizidi, na rangi ikichujuka alianza upya. Winifred alizoea kuwaambia wageni wake kwamba jirani anapamba keki. Siku moja Lucília alikuwa nyuma ya ua akasikia, na tangu hapo salamu zao zikawa za midomo tu.

Afisa alifika, Bi Sandhu, msichana mwenye buti za fundi na maneno machache. Winifred alimwongoza moja kwa moja kwenye ukuta wake, akamwomba radhi kwa hali ya upande wa pili. Bi Sandhu akapitisha kiganja kwenye tofali, akakigeuza. Kilikuwa kimejaa vumbi jekundu.

"Nani alipiga mchanga hapa?" akauliza.

Winifred akajibu kwa fahari kwamba ni wao. Bi Sandhu akashusha pumzi. Akaeleza polepole kwamba tofali likichomwa tanuruni hupata ganda gumu, na ganda hilo ndilo ngozi yake. Mchanga uliichuna. Sasa maji yanaingia, baridi inayagandisha, tofali linapasuka. Akaonyesha safu ya tofali zenye vivimbe chini ya dirisha, akasema hapo palikuwa na mapambo ya kufinyangwa, lakini hawezi tena kujua yalikuwa nini. Kwa ukuta huu peke yake, jiji halingekubali.

Yeye, aliyejiita mlinzi wa nyumba, ndiye aliyeichuna!

Bi Sandhu akaomba ajaribu dawa ya kubandua rangi kwenye kipande kidogo upande wa pili, aone kama mapambo yamebaki chini yake. Nelson, aliyekuwa amesimama kibarazani kwa mama yake na funguo za gari mkononi, akacheka akisema kwamba chini ya rangi kuna rangi nyingine, waendelee tu. Lakini Lucília akatoka ndani, akasimama mbele ya ukuta wake, mikono kifuani.

"Hii ni kazi ya mume wangu," alisema. "Haikwanguliwi."

Hapo ikabidi Winifred avuke ua. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusahihisha wengine.

"Jirani, nilimcheka Deodato, nawe ulinisikia," akasema. "Nilikosa. Leo nakuomba kipande cha ukubwa wa kitabu tu. Ukikataa, sitakulaumu."

Lucília akashusha mikono yake. "Ulichukua miaka mingi kuvuka ua mfupi hivi," akasema, akasogea pembeni. "Chini ya dirisha. Na asikwangue mtu kwa pupa."

Dawa ikapakwa. Wakangoja kibarazani kwa kahawa na mkate mtamu wa Lucília, hakuna aliyeonja vizuri. Kisha Bi Sandhu akaanza kukwangua, utepe baada ya utepe, na wote wakainama, hata Nelson. Likatoka jani. Ikatoka petali, kali kama imekatwa jana. Halafu ua zima la alizeti, na katikati yake hata mbegu zilionekana, moja moja!

"Loo," akasema Winifred, na machozi yakamtoka kwa furaha. Alikimbia kwake, akarudi, akakimbia tena, akipapasa vile vivimbe vyake. Alizeti! Miaka yote alizeti zilikuwa hapo asijue.

"Rangi imezitunza," akasema Bi Sandhu, na sauti yake nayo ilipanda. "Na rangi yenyewe sasa ni historia ya mtaa huu. Ibaki. Nitapendekeza nyumba nzima, pande zote mbili."

Nelson akauliza kama bado wanaweza kuuza. Akajibiwa kuuza wanaweza, kubomoa ndiko kutakuwa kugumu. Lucília akamwambia mwanawe ampigie mnunuzi, amwambie mama hahami.

Bi Sandhu alitaka jina la kuipa nyumba katika ombi lake. Desturi ilikuwa jina la mjenzi, lakini mjenzi hakujulikana. Aliuliza kama familia ya Abernethy ingefaa, kwa kuwa wao ndio walioomba.

"Hapana," akasema Winifred. "Andika Deodato Furtado, fundi wa rangi."

"Hakuwa fundi wa rangi," akasema Lucília. "Alikuwa kibarua wa zege. Ukutani hapa alipaka Jumapili, siku yake ya kupumzika."

Winifred akaushika mkono wa jirani yake.

"Basi liandike hilo pia," akamwambia afisa.