Kumi na Nne Haishonwi

"Hivi mama, tukiweka mambo ya ndoa pembeni, Winchi na Lifti nani mkali?"

Swali hilo jirani aliliuliza kwa juu ya ukuta, siku ya jua kali, mswaki bado uko mdomoni. Jirani mwenyewe ni fundi simu, kijana asiyejua kunong'ona. Mama Fundi alikuwa anaanika shuka. Alibana kibanio cha mwisho, akamtazama, akasema, "Vipimo vya watu anavyo Mungu." Akainua beseni lake, akaingia ndani.

Fundi simu hakungoja hata asukutue. Alikwenda mbio kwa kinyozi kutangaza kwamba mjane kakwepa swali, na mtu akikwepa swali ujue jibu limemkaa kooni.

Winchi alikuwa mume wa Mama Fundi, Mungu amrehemu. Kazi yake uashi. Alikuwa mrefu kiasi kwamba mlango wa chumba chao aliuingia kwa kuinama, hata siku aliyorudi na hasira, na ni vigumu kuendelea kukasirika ukiwa umeinama. Jioni alichezea timu ya mtaa mpira wa kikapu, pale katikati, chini ya ringi, mgongoni namba kumi na nne. Mpira ukigonga ubao, mkono wake ulikuwa umeshafika. Alianguka kutoka kwenye ghorofa walilokuwa wanajenga, msimu wa ligi ukiwa nusu, na tangu siku hiyo hakuna aliyevaa kumi na nne.

Lifti ni wa sasa hivi. Huyo akiruka, watu husema amesahau kushuka. Anavaa saba. Anatupia kutoka mbali, anadanki na kuning'inia kwenye ringi, anapiga chenga mlinzi akabaki anatafuta miguu yake. Mwaka huu peke yake ameibeba timu mpaka fainali, jambo ambalo timu ilikuwa haijaliona tangu enzi za Winchi.

Basi kati ya hao wawili, mmoja kaburini na mmoja uwanjani, mtaa ulikuwa umegawanyika. Ubishi wenyewe ulikuwa na makao yake, nayo ni kibaraza cha kinyozi. Na cherehani ya Mama Fundi ilikaa kibaraza hichohicho, upande wa kivuli, kwa hiyo yeye aliyasikia yote, ya kweli na ya kuongezea chumvi, huku mguu uko kwenye pedeli. Hakuwa mtu wa kuingilia. Alikuwa hakati kitambaa kabla ya kusema neno na Mungu wake, na akishaanza kukata, maneno ya watu yalimpita kama vumbi la barabarani. Lakini macho yake hayakulala. Alijua nani anabisha kwa mapenzi na nani anabisha ili aonekane.

"Zamani mlinzi alikuwa anaomba ruhusa kwanza ndipo akabe," alisema fundi simu, amenyoosha miguu kwenye benchi. "Samahani kaka, naweza kukusogelea? Ndiyo mpira wenu huo! Lifti angemruka Winchi na kikombe cha chai mkononi, na chai isimwagike."

"Nyamaza wewe, umezaliwa jana," alijibu Filimbi. Huyu alikuwa mzee mwembamba, mwamuzi mstaafu, aliyewahi kufanya mazoezi na Winchi kabla hajashika filimbi. "Sisi tulicheza kwenye saruji. Ukianguka, goti unaliacha pale, kesho unakuja kulichukua. Mpira ukilowa mvua unakuwa kama tofali. Mlete huyo Lifti wako kule tuone kama lifti inapanda bila umeme."

Kinyozi alicheka mpaka akaondoa mashine kwenye kichwa cha mteja. "Hapo kakupata."

"Hajanipata! Pointi tatu mlikuwa nazo? Mstari haukuwepo hata wa chaki. Hesabu vikapu vya Lifti, hesabu vya Winchi, ndiyo tujue namba ni haki ya nani."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoanza kukua. Hapo nyuma ubishi ulikuwa ubishi tu, watu wanacheka, wanatukanana kidogo, wanakwenda kula. Lakini fainali ilipokaribia, fundi simu na wenzake wakaupa ubishi mguu na mkono. Walisema hivi: kumi na nne ni kiti cha mchezaji bora kuliko wote. Winchi alikikalia kwa sababu hapakuwa na mwingine. Sasa mwenyewe amekuja, anyanyuliwe mfu akae mzima.

Mwenyekiti wa timu akalisikia, likamkaa vizuri. Alikuwa mtu wa kupenda shughuli ionekane, mwenye duka la rangi na misumari, sauti nzito, shati limepigwa pasi hata siku ya kuosha gari. Jezi mpya za fainali alikuwa amempa Mama Fundi azishone, kama kila msimu. Kumi na moja zilikuwa tayari, zimekunjwa. Ya kumi na mbili, ya Lifti, ilikuwa mezani, mgongo mtupu, na namba saba imeshakatwa kwa kitambaa cheupe inangoja pini.

Alasiri moja mwenyekiti alikuja na Lifti mwenyewe. Kibaraza kikachangamka maradufu.

"Mama, salama?"

"Salama, mwenyekiti. Karibuni."

"Hiyo saba iweke kando. Jumamosi fainalini kijana atavaa kumi na nne. Watu wanakuja kuiona kumi na nne ikicheza tena, uwanja utajaa mpaka juu ya miti."

Mama Fundi aliondoa mguu kwenye pedeli. Hakuinua sauti. "Kumi na nne haishonwi."

"Haishonwi kivipi?"

"Mimi siishoni."

Fundi simu alipiga makofi. "Si niliwaambia? Anamtetea mumewe! Mama, tunakuheshimu, lakini mapenzi hayafungi vikapu. Lifti ni bora, kubali tu yaishe."

Hapo Mama Fundi akageuza kiti. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona akigeuza kiti. Alikuwa akimpa kila mtu ubavu na cherehani uso.

"Ni bora," alisema.

"Nani?"

"Huyu hapa. Wewe si uliniuliza juu ya ukuta? Jibu ndiyo hilo. Nilimwona mume wangu akicheza kila mechi mpaka anakufa, na huyu namwona kila wiki kutoka hapa nilipokaa, uwanja uko mbele yangu. Huyu ni bora. Anaruka zaidi, anaona mbali zaidi, mkono wa kushoto anautumia, mwenzie alikuwa nao wa kushikia mwiko wa uashi tu. Sisemi uongo kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa. Na kumi na nne siishoni."

Mashine ya kinyozi ilikuwa inanguruma hewani bila kunyoa kitu. Lifti, aliyekuwa ameegemea nguzo akijifanya hayamhusu, alisimama wima. Watu walikuwa wamemsifu maisha yake yote, lakini kila sifa ilikuja na mkia: "lakini Winchi," "ungemwona Winchi," "afadhali kidogo ya Winchi." Leo aliyemkatia mkia ni mke wa Winchi.

"Sasa kama ni bora," alisema mwenyekiti, taratibu, kama anayemwelekeza mtoto duka lilipo, "na namba ni ya aliye bora, tunabishania nini?"

"Nani kakwambia ni ya aliye bora?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu ni nani? Muulize shemeji yangu." Alimwelekezea Filimbi kidevu. "Sema, shemeji. Mimi nikisema, watasema ni mjane."

Filimbi hakutaka. Alijikuna shingo, akatazama barabara, akatafuta pa kukimbilia, hapakuwepo. Mwishowe alisema, "Siku zile namba zilianzia nne mpaka kumi na tano. Basi. Hakuna ishirini na mbili, hakuna tisini na tisa kama sasa. Jezi kumi na mbili, wachezaji kumi na wawili."

"Tunajua," alisema fundi simu, ingawa hakuwa anajua.

"Kama unajua, hesabu. Ukiiweka moja kando, unabaki na watu wangapi?"

Fundi simu alianza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia.

"Leo ukistaafisha namba unachukua nyingine, zipo tele, unampa mtu heshima bila kutoa kitu," Filimbi aliendelea. "Wenzake walipotoka kumzika walikaa palepale uwanjani na nguo za msiba, wakasema jezi yake isivaliwe. Hakuna aliyesema kwa sababu alikuwa bora. Wala hakuwa bora, kulikuwa na mmoja akimfunga kila mazoezi. Walisema isivaliwe kwa sababu walikuwa wanamlilia. Na maana yake wakawa wanakwenda mechi watu kumi na mmoja, wenzao kumi na wawili. Nusu ya msimu iliyobaki, na msimu mzima uliofuata. Mtu akiumia benchi fupi, na chini ya ringi hakuna wa kuingia. Walifungwa na timu ambazo zilikuwa haziwafungi."

"Na wa kumi na mbili alikuwa nani?" aliuliza Mama Fundi. Alijua. Alitaka wasikie.

Filimbi alikohoa. "Nilikuwa mimi. Nilikuwa kijana wa mazoezini, mimi ndiye niliyekuwa niingie nafasi yake. Waliniuliza kabla ya kuamua. Nikasema isivaliwe." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Ndiyo nikashika filimbi. Mtu lazima awe uwanjani kwa namna yoyote."

Kinyozi alizima mashine. Mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu haijanyolewa, alikaa vivyo hivyo, hathubutu kuomba amaliziwe.

Lakini mwenyekiti si mtu wa kurudi nyuma mbele ya watu. "Sawa, tumesikia, pole kwa wote. Hayo ni ya zamani. Hao wenyewe wengi wamekufa. Nimeshatangaza kumi na nne, na itachezwa. Tupige kura, wapenzi wa timu wako hapa. Wanaotaka Lifti avae, mikono juu."

Mkono wa fundi simu ulipanda, ukasita masikioni, ukaendelea. Ya wenzake wawili benchini ikafuata. Wa mteja wa kinyozi ukachungulia kutoka chini ya shuka la kunyolea. Kinyozi alimtazama Mama Fundi, akamtazama mwenyekiti ambaye ndiye mwenye fremu aliyopanga, akainua mkono mpaka usawa wa kifua, kama anayefukuza nzi.

"Imepita," alisema mwenyekiti.

"Imepita kwenu," alisema Mama Fundi. "Mikono hiyo haijui kutunga uzi."

"Mama, usinilazimishe. Mafundi wako wengi."

"Wako."

"Nitazichukua zote. Na msimu ujao hutaziona."

Hapo lilimgusa, asiseme mtu halikumgusa. Jezi za timu ndizo zilizomweka pale kibarazani miaka yote, ndizo zilizowafanya watu wamwite fundi badala ya mjane. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikapata mkasi, ikauweka chini taratibu. Alimwomba Mungu kimoyomoyo asimpe machozi mbele ya shati lile lililopigwa pasi, na Mungu hakumpa.

"Chukua," alisema. Alizibeba zile kumi na moja, akampakatisha, akaweka ya kumi na mbili juu yake, mgongo mtupu ukitazama dari. "Nimezishona kwa uzi mara mbili mabegani, msizifue kwa maji ya moto. Hiyo ya juu mpeleke unakotaka. Atakayeishona ataishona. Lakini siku hiyo nitakaa hapahapa, na mtu akiniuliza mgongoni kwa kijana kumeandikwa nini, nitasema sijui, maana hakutakuwa kumeandikwa kitu ninachokijua."

Kisha akamgeukia Lifti, mara ya kwanza kumsemesha. "Na wewe, mwanangu, unaitaka kwa nini?"

Lifti alitazama viatu vyake. "Nataka wanyamaze."

"Hawa?" Mama Fundi alitazama benchi zima, kuanzia fundi simu mpaka kichwa cha nusu. "Mwenzio kafa na hawajanyamaza. Ukivaa kumi na nne watasema umevaa ya Winchi. Ukikosa mtupo mmoja watasema Winchi asingekosa. Leo una namba ambayo hakuna aliyekufa nayo, unataka kwenda kuvaa ya msiba."

"Twende," mwenyekiti alimwambia Lifti, akizipanga jezi vizuri chini ya kwapa. "Kuna fundi kule nyuma ya soko, jioni hii anamaliza."

Lifti hakwenda. Aliinyoosha ile mikono yake mirefu, iliyozoea kuchukua mpira juu ya vichwa vya watu, akaivuta jezi ya juu kutoka kwenye bunda. Mwenyekiti aliishika upande wa pili. Wakabaki wameshikilia, mmoja pindo la chini, mmoja bega, na lile bega lenye uzi mara mbili halikuachia hata uzi mmoja. Mwenyekiti alikuwa mzito, lakini alikuwa na jezi kumi na moja kwapani na watu wanatazama. Akaachia.

"Utavaa nini Jumamosi?" aliuliza kwa hasira. "Kijana! Nakuuliza, utavaa nini?"

Lifti aliinama mezani. Ile saba nyeupe iliyokatwa, isiyo na pini wala uzi, aliilaza juu ya mgongo mtupu, akaikunja jezi na namba yake ndani, akaiweka mbele ya Mama Fundi, pale hasa sindano inaposhuka. Akaruka ngazi zote za kibaraza kwa mara moja, akaondoka.