Kimya cha Msimu wa Ndege

Uvumi ule Sikudhani aliukuta kisimani, akaubeba hadi nyumbani pamoja na mtungi wa maji. Mtungi aliutua mlangoni. Uvumi ulibaki kichwani.

"Wanasema kila anayekaa na Mwalimu Mbaruku mwishowe hukauka sauti," Brigita alikuwa amesema, akisuuza kata yake polepole, kama mtu anayejua kwamba maneno yake yatafika mbali kuliko maji. "Anaanza kunyamaza saa za kukaa. Halafu ananyamaza na chakulani. Halafu basi tena. Mwanao hajambo lakini?"

"Hajambo."

"Anaongea?"

"Anaongea, Brigita. Jana tu kanijibu vibaya."

"Mshukuru Mungu. Siku atakayokujibu vizuri, uje unigongee mlango."

Wanawake waliangua kicheko. Sikudhani naye alicheka, ila njia nzima alikuwa akimsikiliza binti yake Mwanaheri akilini mwake: asubuhi alisema nini? Jana usiku je? Ni nani kati yao wawili aliyeanza mazungumzo, na ni nani aliyeitikia tu?

Huyo Mwalimu Mbaruku mji mzima ulimjua. Alikuwa na kiduka cha chumvi, viberiti na mafuta ya taa pale Kibaoni, na wazee wake walifika bondeni kutoka pwani kwa biashara, wakaoa, wakabaki. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri alifunga duka, akatandika mikeka kwenye banda la nyasi uani, na watu wakaja kukaa. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo: kukaa. Walifumba macho, wakaiacha pumzi iende na kurudi yenyewe, kila mmoja akilibeba jina la Mungu moyoni bila kutikisa midomo. Mji uliwaita watu wa kukaa, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa mazoea. Miongoni mwao alikuwamo Mwanaheri, na hata Tekla, mjane wa Kipogoro, na rozari yake mkononi. Siku ya kwanza Tekla alipouliza akae na jina gani, Mwalimu alimwambia, "Kaa na la kwako, mama. Mimi nafundisha kukaa tu."

Na walipoinuka, hawakuinuka bure. Walifukua visima vilivyozibwa na matope ya masika. Walibeba wagonjwa kwa vitanda kutoka kivukoni. Maiti asiye na jamaa aliyetupwa ukingoni na mto, wao ndio waliomwosha na kumzika kama ndugu. Sikudhani mwenyewe aliwahi kumwona Mwalimu ndani ya shimo la kisima, kanzu ameifunga kiunoni, akirusha tope juu huku akiimba kwa sauti mbaya ajabu. Tangu siku hiyo hakuweza kumchukia. Ni vigumu kumchukia mtu anayeimba vibaya namna ile na asione haya.

Sikudhani hakuogopa mafundisho. Aliogopa kimya.

Mumewe, Mwinyimvua, alikuwa mpiga kasia kivukoni. Mwaka mmoja wa mafuriko mtumbwi ulipinduka na watu, akaokoka yeye peke yake. Alirudi nyumbani mzima wa viungo, akaketi kizingitini, na hakusema tena. Alikula alipopewa. Aliinamisha kichwa alipoulizwa. Macho yake yalikaa barabarani. Watu walisema mwache, atarudi. Asubuhi moja Sikudhani aliamka akakuta kizingiti kitupu, umande umekilowesha mahali pake pa kukaa. Hakugonga kitu, hakuaga, na hakuonekana tena. Mwanaheri alikuwa bado ananyonya. Tangu hapo, katika nyumba ile kimya kilihesabiwa kuwa ugonjwa. Mtu alikohoa akipita, aliimba akitwanga, aliweka sufuria chini kwa kishindo ili mwenzake ajue kwamba yupo.

Msimu wa mpunga kutia maziwa ulipofika, mama na binti walihamia shambani, ng'ambo ya mto Lumemo, kama walivyofanya jirani zao wote. Ni majuma ya kuamia ndege. Kuanzia mapambazuko mtu hupanda dungu, kile kibanda cha miti kinachosimama juu ya mpunga, akapiga kelele, akavuta kamba zenye makopo, akarusha madongo kwa kombeo, mpaka jua litue. Ndege wale wadogo huja kama vumbi lililoinuliwa na upepo. Ukiwapa nafasi, jioni unabaki na mashuke yaliyosimama wima, mepesi, hayana kitu. Na shuke la Sikudhani likiwa tupu, chungu chake kingekuwa kitupu mpaka mwaka unaofuata. Hakuwa na mume wala shamba jingine.

Ijumaa Mwanaheri aliomba ruhusa kwenda Kibaoni kukaa, mama akabaki kwenye dungu. Binti alirudi jioni, akala, akalala, hakusema neno. Kanuna, mama alijiambia. Kila binti hununa.

Kesho yake Sikudhani alitoka alfajiri kwenda mjini kufuata chumvi, akageuza mapema. Shamba linaloamiwa husikika kabla halijaonekana, na siku zote alipofika kivukoni Lumemo sauti ya Mwanaheri ndiyo iliyompokea: "Hooo! Haaa!" ndefu, ya kukereza. Siku hiyo alisikia shamba la kulia likipiga kelele, na shamba la kushoto likipiga kelele, na katikati yake shimo la kimya.

Alikimbia. Alipotokeza kwenye tuta, upande wote wa mto ndege waliinuka kwa pamoja kama shuka linalokung'utwa, wakazunguka, wakatua tena palepale. Juu ya dungu Mwanaheri alikuwa amesimama. Hakuwa amelala, hakuwa mvivu. Alikuwa akivuta kamba kwa nguvu zake zote, mkono huu na mkono huu, makopo yakilialia, machozi yakimshuka, na mdomo ameufunga.

"Piga kelele!" mama alipaza sauti. "We Mwanaheri! Wapigie kelele!"

Binti alitikisa kichwa. Aliweka kidole mdomoni.

Sikudhani aliuona uso wa Mwinyimvua. Haukuwa mfano wake. Ulikuwa uleule, umepanda dungu.

Alipiga kelele yeye, mpaka jua lilipopanda na ndege wakakimbilia matete kujificha na joto. Kisha alimshika binti yake mkono, akamwomba jirani amtupie jicho shambani, akashika njia ya Kibaoni. Hakuuachilia mkono ule hata kwenye maji ya kivuko.

Aliingia bandani na viatu miguuni. Hakupiga hodi, hakutoa salamu. Watu wa kukaa walikuwa wamefumba macho, safu kwa safu.

"Mwalimu! Nirudishie sauti ya mwanangu."

Macho yote yalifumbuka. Mwalimu Mbaruku alimtazama yeye, kisha akamtazama binti.

"Karibu, mama Mwanaheri."

"Sikuja kukaribia. Nimekuja kuchukua changu."

"Kuna nini, binti?" Mwalimu aliuliza.

Mwanaheri alitazama chini.

"Mwalimu naye!" Tekla alidakia kutoka kwenye mkeka wake. "Si umetufunga ulimi wote hadi Ijumaa ijayo? Atakujibuje?" Mara akaziba mdomo kwa mikono miwili, maana wake ulikuwa umekwisha kufunguka. Wengine walijikaza wasicheke, mabega yakawasaliti.

"Na ndege wangu wanamalizia mpunga!" Sikudhani alisema.

"Ndege gani?"

Hapo watu wote wakainamisha vichwa. Wengi wao walikuwa na mashamba ng'ambo. Huyu alikuwa amemwachia mkewe apige kelele, yule mama yake mzee. Mwanaheri pekee hakuwa na wa kumwachia.

"Mbona hakuna aliyeniambia?" Mwalimu aliuliza, na swali lilipomrudia, alijipiga paji la uso kofi lililosikika hadi barabarani. "Subhanallah. Mimi muuza chumvi. Sijawahi kulima hata jaruba moja. Nimewafunga wakulima midomo msimu wa ndege!" Aliinuka. "Mfungo umevunjika, na aliyeuvunja ni mimi. Mwanaheri, sema na mama yako."

Mwanaheri alilamba midomo iliyokauka.

"Mama. Wamekula upande wa mto."

"Nimeona."

"Nilivuta kamba, mama." Alifungua viganja, kamba ilikuwa imevichuna.

"Nimeona, mwanangu," alisema Sikudhani, na ndipo alipogundua kwamba alikuwa bado ameukamata ule mkono, na kwa muda wote huo alikuwa akiuumiza.

Mwalimu Mbaruku hakufungua duka siku ile, wala zilizofuata. Aliongoza watu wake ng'ambo, wakagawana mashamba, na la Sikudhani akajitwalia mwenyewe. Alipanda dungu kwa shida, kanzu ikinasa kwenye miti, na mara alipoona wingu la kwanza la ndege alitoa ukelele uliomfanya hata jirani aache kombeo lake atazame. Ilikuwa sauti ileile ya kisimani, mbaya, isiyo na haya. Ndege hawakuipenda. Aliwapigia kelele kutwa nzima. Alipoishiwa na maneno aliwatangazia bei ya chumvi.

Upande wa mto ulikuwa umekwenda. Uliosalia ulisalia.

Baada ya siku chache sauti yake ilikwaruza, ikapungua, ikakatika kabisa. Brigita alipopita na kikapu chake, Mwalimu alimsalimu kwa mkono, mdomo ukifunguka bila kutoa kitu.

"Mnaona?" Brigita alipiga kelele kwa furaha. "Si nilisema? Hukauka sauti! Tena kaanza na mwenyewe!"

Sikudhani alikuwa akimchanganyia Mwalimu asali na maji ya ndimu. Alicheka mpaka akamwaga nusu. Kisha alimpelekea kikombe, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Hakuwa amemwamkia tangu siku ile ya bandani. Mwalimu aliitikia kwa macho.

Adhuhuri, ndege wakiwa matetini, watu walikusanyika kwenye kivuli cha dungu na kukaa. Sikudhani alikaa nao, kwa sababu kivuli kilikuwa hichohicho kimoja. Alifumba macho akijiandaa kuogopa. Akasikia mpunga ukisuguana. Akasikia kifua cha Tekla kikikoroma, na Mwalimu akimeza mate kwa maumivu. Begani pake akaisikia pumzi ya Mwanaheri, ikienda, ikirudi. Angeweza kumtaja kila mtu na mahali alipokaa. Hakuwa amewahi kujua kwamba kimya kinaweza kuwa na watu ndani yake. Alimkumbuka Mwinyimvua, na kwa mara ya kwanza alimkumbuka bila kutazama barabarani.

Baada ya mavuno, watu wa Mang'ula walituma ujumbe: Mwalimu aje awakalishe, na wanafunzi wake waje kusaidia kujenga banda. Mwanaheri aliomba kwenda, pamoja na Tekla. Mama alikataa. Alikataa jioni, akakataa tena wakati wa kulala. Asubuhi alionekana akifunga mchele kwenye kitambaa.

"Sikiliza," alisema, bila kuinua uso kutoka kwenye fundo. "Usipite peke yako kwenye nyasi ndefu.

"Usivuke mto ambao mwenyeji hajauvuka mbele yako.

"Usinywe maji ya dimbwi.

"Usile ukashiba wakati mwenye nyumba anakwangua chungu.

"Usimcheke Mwalimu akiimba.

"Usikae mahali ambapo huruhusiwi kuinuka.

"Usifunge ulimi ndege wakiwa shambani, hata akikuamuru nani.

"Usiondoke popote bila kuaga.

"Na usirudi kimya. Piga hodi tangu mtoni."