Ukuta Usioonyesha Kiraka

Kitabu cha waongoza watalii kinaitwa Vivutio Kumi, na kivutio namba moja ni ngome yetu. Ukurasa wa nne unasema: "Ukuta wa ngome haujaguswa na mkono wa fundi kwa miaka mia nne." Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma barua ya msichana yeyote, na kila nikiusoma damu inanichemka. Mkono huo wa fundi unaodaiwa haukugusa kitu ndio ulionilisha uji.

Mama ni fundi lipu wa ngome. Kabla yake alikuwa bibi, mamake baba. Chokaa wanailoweka shimoni miezi sita, wanaichuja, wanaipiga kwa mti mpaka ilainike kama siagi, kisha wanaziba kila ufa kabla haujawa tundu. Kazi inaanza alfajiri. Ikifika saa tatu, lango linafunguliwa na ngazi zote zinafichwa nyuma ya stoo. Uongozi hautaki mgeni aone ngazi. Mgeni amekuja kuona miaka mia nne, hakuja kuona ndoo.

Nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja nipate beji ya kuongoza watalii. Mwaka uliotangulia nilifeli, kwa sababu maporomoko ya maji, kivutio namba tatu, niliyaeleza kwa beti kumi na nne. Na kanuni ni kwamba ukifeli mara mbili, hurudi tena.

"Safari hii utajibu kama kitabu," mama aliniambia asubuhi ya mtihani, huku akijifunga kitambaa kichwani. "Ukiulizwa ukuta, haujaguswa. Umesikia?"

"Nikukane mbele za watu, mama?"

"Unikane vizuri kabisa. Mimi sitaki sifa. Nataka uache kuzunguka hapa sebuleni ukiongea peke yako kama redio mbovu."

Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo ngome haipokei wageni, kwa hiyo mama angekaa juu ya ngazi mchana kutwa. Mtihani ulifanyika ofisini, mle mle ndani ya ngome. Mbele yangu aliingia dada mmoja tunayemwita Kaseti, maana ukimbonyeza tu anakutolea kitabu kizima. Alitoka akitabasamu.

"Nimepewa soko la zamani," akasema. "Nimelimaliza mpaka nukta. Wewe usilete ngonjera zako."

Niliingia, nikatumbukiza mkono kwenye kopo, nikatoa karatasi. Namba moja. Ngome.

Mtahini Mkuu, mzee mwembamba wa suti ya kijivu, ndiye aliyeandika Vivutio Kumi. Pembeni yake alikaa mama mmoja mwenye daftari.

"Karibu, malenga," mzee akasema. "Leo bila beti, tafadhali. Mwaka jana mwenzangu hapa alisinzia."

"Sikusinzia," yule mama akasema. "Nilifumba macho."

Nilieleza lango, mizinga, kisima, vyumba vya walinzi. Sauti yangu ilitulia, hata mimi nikajishangaa. Kisha mzee akaegemea kiti.

"Swali la mwisho. Mgeni anakuuliza, ukuta huu umefanyiwa ukarabati mara ngapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Neno moja tu, nami natoka na beji. Lakini kupitia dirishani nilikuwa nasikia mwiko ukikwaruza jiwe, kwaru, kwaru, na mkono ule naujua.

"Kila mwaka, mzee wangu. Kitabu kimekosea."

Daftari lilifungwa. Mzee hakufoka, na afadhali angefoka.

"Kijana, nimeutembelea ukuta huu miaka thelathini. Twende nje. Unionyeshe kiraka kimoja, kimoja tu, na beji ni yako. Ukishindwa, tusionane tena."

Tulitoka sote, na Kaseti naye akafuata, hakutaka kupitwa. Mama alikuwa juu ya ngazi karibu na lango. Aliponiona na msafara wangu, akafumba macho kidogo, kama mtu aliyeumwa na jino.

Nilitembea mbele ya ukuta nikiwa nimetunisha kifua. Nimezaliwa kwenye vumbi la chokaa hii, nitashindwaje? Nikagusa mahali palipokuwa peupe zaidi. "Hapa."

"Hapo ni pa zamani, wewe," mama akasema toka juu. "Hata bibi yako hakupagusa."

Kaseti akaziba mdomo. Nikasogea, nikapapasa, nikasugua, nikaweka jicho pembeni kama fundi anayepima ubao. Rangi moja, ukwaru mmoja, toka lango hadi kona. Nikagusa pa pili. Mzee akakwangua kwa ukucha, akatikisa kichwa. Nikainua uso kwenye ngazi. "Mama, nionyeshe japo kimoja!"

"Lipu inayoonekana ni lipu mbovu," akajibu, macho yake yakiwa kwenye mwiko. "Kama unaona yangu, niambie niende nyumbani."

Nikaondoa mkono ukutani. Nilishiba fahari na kushindwa kwa pamoja. Mama alifanya kazi nzuri kiasi kwamba mwanawe wa kumzaa hakuweza kumtetea.

"Basi, nimeona," mzee akasema, akageuka.

Tulisikia ngazi ikilia. Mama alishuka taratibu, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Mzee, shikamoo. Huyu mtoto ni mkaidi, na kelele zake nazijua mimi ninayelala chumba cha pili. Lakini mwongo si yeye. Sikumlea hivyo. Hebu rudini nyuma, msilowe viatu."

Akabeba ndoo kwa mikono miwili na kuumwagia ukuta maji kwa mkupuo mmoja mpana. Akaenda kisimani, akarudi, akamwaga tena na tena. Ukuta ukawa rangi moja ya udongo.

"Tusubiri," akasema. "Chokaa changa inakunywa maji na kuyang'ang'ania. Ya zamani inayaachia. Sisi mvua ikikatika ndipo tunapoziona kazi zetu. Wageni wanakuwa wameshakimbilia kwenye mabasi."

Jua lilikuwa la utosini. Ukuta ukaanza kukauka, na ukakauka kwa zamu. Hapa peupe, pale peusi bado. Kiraka kimoja kikatokeza, kama ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa. Kingine pembeni ya lango, kikubwa kama mlango. Kingine, kingine, vimepandana, vimeshikana, mpaka palipobaki bila kiraka pakawa padogo kuliko meza ya mtihani.

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hiki cha lini?"

"Mwaka wa mafuriko. Kile alikipiga mama mkwe wangu, mimi nikiwa na mimba ya huyu mropokaji."

Mzee akatoa kalamu, akafungua Vivutio Kumi ukurasa wa nne juu ya goti lake, akakata mstari. Kisha akanitazama.

"Wewe hukuonyesha kitu. Ila umenitoa ofisini ukanileta mahali nilipopita miaka thelathini bila kuona. Kazi ya mwongoza watalii ni nini tena?" Akanipa beji, pini ikanichoma kidole.

Siku hizi saa tatu ngazi inabaki mahali pake, na mimi nawasimamisha wageni wangu chini yake. Wakinyamaza, naanza:

Ngome hii si maneno, ni chokaa na ukuta,
Imeshikwa na mikono, isiyojua kusita,
Tazama bila mguno, gusa kwa kidole, pita,
Imesimamishwa ngome, haikusimama bure.

Kisha nawaambia watafute kiraka. Wanapapasa, wanasugua, wanabishana. Mama yuko juu amewapa mgongo, hanijui, simjui. Lakini nikiangalia vizuri, mabega yake yanatikisika kwa kicheko.