Mayai ya Jicho la Dinah

Dinah, mjane wa Wekoye, alikuwa kwenye cherehani yake katika kibaraza cha duka la Zulekha, karibu na msikiti mjini Kitale, akihangaika kutunga uzi kwenye sindano, yai lilipomdondoka kutoka jicho la kushoto. Lilikuwa dogo, jeupe, bado lina joto. Zulekha aliligeuza kiganjani.

"Ni la kienyeji ama la gredi, la kuku wa kisasa?"

"Sijui. Limetoka tu."

Jicho hilo lilikuwa limepitia kwa watafiti. Walifika na gari refu, wakaeleza kwamba dawa ya maruweruwe, ile inayomfanya mtu aone ukuta ukipumua, huenda ikitiwa jichoni ikaamsha nyama ya ndani itengeneze protini. Dinah, ambaye ukungu ulikuwa umemziba macho hata akawa anashona kwa kupapasa, aliuliza kama ataona. Wakamwambia atie sahihi kwanza. Wale walioleta mbegu za tumbaku kule Malakisi enzi za babake walisema vilevile.

Ukuta ulipumua siku mbili, ukachoka. Mayai hayakuchoka.

Shemeji yake Jairus alitoka Naitiri kuja kuyachukua, akimkumbusha kwa upole kwamba tangu zama za mababu mwanamke hali kuku wala yai. Alikuwa mtu wa haki: maganda alimwachia. Watafiti nao wakaja wakasema mayai ni ya utafiti. Hawakugombana. Jairus alipewa ya Jumapili, wao wakabaki na ya siku nyingine. Mwenye jicho alikuwa hapo hapo, akiwapikia chai.

Matokeo yalitangazwa katika hoteli moja Bungoma. Sampuli zilizozidi zilikaangwa, wageni wakala. Dinah aliletewa chai ya rangi na mkate mkavu; ni kuheshimu mila, alisema Jairus, mdomo umejaa. Daktari Derrick, mkuu wa watafiti, alionyesha picha ukutani. Dinah aliona mwanga tu. Watu wakapiga makofi.

"Daktari," Dinah akasema, "na kuona je? Mimi niliwaambia ni sindano inanisumbua."

"Mama, huu ulikuwa utafiti wa protini. Kuona ni mradi mwingine. Bado tunatafuta wafadhili."

"Si mngesema hiyo siku ya kwanza, bana."

Jicho lilimwasha. Akakinga kiganja, yai likatua. Mhudumu alilipokea, akamuuliza Jairus lipikwe vipi. Jairus akasema la kuchemsha.

Lilipoletwa, akaomba chumvi. Dinah alipapasa meza mpaka akaipata, akampa.