Shahidi wa Ukurasa wa 214

Fikri Halawani alimuua Neemat Sirri kwa kalamu, na Jumatatu saa tano asubuhi Neemat Sirri akapanda ngazi za ghorofa nne, akihema, kuja kumwona muuaji wake.

Kabla hajafika mlangoni mambo yalikwisha haribika. Haji Sabri, mwenye kiwanda cha uchapaji, alisimama mbele ya meza ya Fikri na kitabu mkononi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Jaji Mamduh Shahbandar amenipigia simu. Saa sita kamili atakuwa hapa. Unajua kasemaje? Kasema umemwibia maiti."

"Maiti gani, Haji?"

"Mama yake! Aliyekufa mwaka jana ni mama yake, bwana wee, mke wa Daktari Nazih, mwanamke ambaye hajapata kukanyaga sinema hata kwa kutazama. Wewe kifo chake umekichukua ukampa mcheza filamu. Na huyo Neemat wako yu hai, anakaa Shubra, ananunua nyanya kama watu wote!"

Fikri alikaa chini. 

Na Fikri hakuwa mtu wa kubahatisha, hilo kila mtu wa Faggala, mtaa wa wachapaji, alikuwa tayari kumwapia. Miaka thelathini alikuwa akitunga kitabu kimoja, kamusi ya maisha ya watu mashuhuri wa Misri. Juzuu ya kwanza ilikuwa ya waliofungua njia, mwanamke wa kwanza kurusha ndege na wenzake. Ya pili wanazuoni. Ya tatu, iliyotoka mashineni wiki mbili nyuma, waigizaji wa filamu. Alikuwa na sheria mbili tu. Aliye hai haingii, kwa sababu maisha hayajulikani mpaka yafungwe. Na kila habari lazima iishie kwenye mstari wa "Shahidi", jina la aliyeona kwa macho yake au karatasi iliyosema. Kadi za walio hai alizitia katika sanduku la kushoto, za waliokufa katika la kulia, na kila asubuhi, gilasi ya chai pembeni, alisoma ukurasa wa tanzia gazetini na kuhamisha kadi za waliotangulia.

Sasa sikia alivyoingia mtegoni. Mwaka jana alisoma tanzia ya mjane wa marehemu Daktari Nazih Shahbandar, mama wa Jaji Mamduh, dada wa brigedia, shangazi wa wahandisi wawili. Wanaume tisa walitajwa kwa vyeo vyao vyote. Jina la marehemu mwenyewe halikuwamo. Ndivyo zilivyo nyumba za heshima, mwanamke akifa wanatajwa wanaume wake, na yeye, wenyewe wanasema, anasitiriwa. Fikri alisoma neno "mjane", ya watoto na ndugu akayapita juu juu, chozi likamtoka likadondokea kwenye chai, akaichukua kadi ya Neemat Sirri kushoto akaiweka kulia.

Hakuuliza. Hakupiga simu. Mtu aliyekuwa akienda makaburini kusoma tarehe kwenye mawe, safari hii hakuinua hata kichwa.

Na sababu aliijua. Miaka arobaini nyuma, Mfalme bado yuko katika kasri lake la Abdin, Fikri alikuwa kijana mwandishi wa habari za sinema. Alasiri moja alikaa sebuleni kwa Neemat akatia saini karatasi ya ndoa, Neemat na Daktari Nazih, ndoa ya mashahidi wawili bila kufika kwa kadhi. Daktari aliapa kwamba amekwisha mwacha mke wake wa kwanza, mama wa Mamduh. Miaka sita baadaye daktari alikufa, na kaka yake, mmoja wa wakubwa wa gazeti alilofanyia kazi Fikri, akampandisha kuwa mkuu wa makavazi ya karatasi za zamani. Kesho yake akamwita faragha. "Kuna watu watakuandikia barua," alimwambia. "Mtu mwenye akili hasomi kila barua." Barua ya Neemat ikaja. Fikri hakuichana, hakuifungua. Neemat alipokuja mwenyewe, bawabu alimwambia Ustadh Fikri amesafiri, na Ustadh Fikri alikuwa ghorofani anatazama dirishani.

Ndiyo maana neno "mjane" lilimlainisha hivyo. Alidhani familia hatimaye imemkubali. Alidhani deni lake limelipwa na watu wengine, akashukuru, akafunga sanduku upesi kabla furaha haijamtoka.

"Unanisikia lakini?" Haji Sabri alifoka. "Jaji ana karatasi yake ya masahihisho. Tunaichapa leo, tunaibandika katika kila nakala, tunapona. Unatia saini, basi."

"Inasemaje?"

"Kwamba Neemat Sirri hakufa. Na hakuwa mke wa daktari wala wa mtu yeyote."

Hapo mlango ukagongwa, akaingia mwanamke wa miaka sabini, miwani nyeusi, kitambaa cha kijani kichwani, kitabu kwapani. Fikri aliijua ile namna ya kuingia, bega mbele kidogo. Nchi nzima iliwahi kuijua.

"Nani kati yenu aliyeniua?" aliuliza.

Haji Sabri alimwonyesha Fikri kwa kidole bila kusita. Rafiki wa kweli huyo!

Neemat alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Umezeeka vibaya, Fikri."

"Bibi Neemat, wallahi sikukusudia..."

"Nyamaza kwanza, ngazi zenu zimenimaliza pumzi." Alifungua kitabu penye alama ya uzi. "Mpangaji wangu ndiye aliyekuja nacho, analia, kumbe mimi niko jikoni nachambua majani ya mlukhiya. Nimesoma habari zangu mara nne. Filamu kumi na moja, sawa. Mwaka wa kuzaliwa umenipunguzia miwili, Mungu akubariki. Kisha hapa." Aliweka kidole. "'Aliolewa na Daktari Nazih Shahbandar, akaacha sinema kwa ajili yake.' Miaka arobaini, Fikri. Huu ndio mstari wa kwanza ulioandikwa popote duniani unaosema niliolewa."

Fikri hakuweza kumtazama.

"Shubra wananiitaje, unajua? Yule wa daktari. Wa daktari, kama kabati. Nimekuja kukuomba jambo moja. Usisahihishe."

"Lakini uko hai!"

"Niache nimekufa, inanidhuru nini? Jumapili naingia hospitali kupasuliwa moyo, huenda hata usiwe umekosea sana. Niache maiti, lakini niache mke. Sitaki kufa hawara."

"Haiwezekani," Haji Sabri aliingilia. "Mama, jaji yuko njiani, na ana cheti cha kifo cha mama yake."

Neemat akafungua mkoba. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeshonwa kwa uzi isikatike, akaitandaza mezani. Saini ya daktari. Ya Neemat. Shahidi wa kwanza, mpiga picha mmoja aliyezikwa zamani. Shahidi wa pili, kwa mwandiko mzuri wa kijana anayejipenda, Fikri Halawani.

Haji Sabri aliinama akasoma. Akasoma tena. Akamvuta Fikri hadi dirishani.

"Nisikilize, ndugu yangu," alinong'ona, na jasho lilikuwa likimchuruzika. "Karatasi haina nguvu bila mtu wa kuisemea. Mmoja kafa. Ukinyamaza, ni karatasi ya bibi mzee tu. Ukisema, jaji atauliza ulikuwa wapi miaka yote hii. Nani atanunua kitabu cha mashahidi kilichotungwa na mtu aliyeficha ushahidi? Juzuu tatu, Fikri! Watasema, nani mwingine kamficha? Nayo ya nne usahau, siichapi."

Kila neno lilikuwa kweli, na Fikri aliogopa. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Alikuwa na juzuu tatu na masanduku mawili.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa ikimalizika Jaji Mamduh alipoingia. Mwanamume mrefu, suti nyeusi, tai nyeusi, mwaka mzima wa msiba. Alimtambua Neemat papo hapo, akageuza uso kama mtu aliyeona jirani bila nguo.

"Sikuambiwa kwamba huyu atakuwepo."

"Mimi ndiye marehemu, mwanangu," Neemat alisema. "Ningekosaje?"

"Usiniite mwanangu."

Jaji hakukaa. Aliweka karatasi yake mezani, juu ya ile ya Neemat, akatoa kalamu. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilitisha kuliko kelele. "Ustadh Fikri, mama yangu alipokufa tulimsitiri kama inavyopasa. Watu wakaja kunipa pole wiki hii mara ya pili, wananiuliza kumbe mama alikuwa akicheza filamu. Katibu wangu mwenyewe kaniuliza. Unaelewa? Nataka saini yako hapa, kisha sitalifikisha jambo hili mahakamani."

"Kosa la kifo ni langu, Mheshimiwa. Nakuomba radhi kwa hilo, na nitakuomba radhi kaburini kwake."

"Na la ndoa?"



Jaji alifungua kitabu ukurasa wa 214. "Nimekisoma kitabu chako chote, usidhani sikukisoma. Ni kazi nzuri. Kila habari ina jina la shahidi. Nimehesabu, watu mia tatu na kumi. Kifo cha huyu, shahidi ni gazeti. Filamu zake, shahidi ni mpiga picha fulani. Ndoa yake..." Akasoma polepole. "'Inajulikana.' Mahali pamoja tu katika kitabu kizima umeandika 'inajulikana'. Inajulikana na nani, Ustadh?"

Haji Sabri alikohoa. Akamsukumia Fikri kalamu.

Neemat hakumwomba tena. Alivua miwani tu akamtazama kwa macho yaliyokwisha fifia, na Fikri akaona kwamba mama huyu hakutarajia kitu kwake. Alikuja kuomba kosa liachwe, hakuja kuomba ukweli usemwe. Ukweli alikwisha kata tamaa nao tangu siku ya bawabu. Hilo ndilo lililomchoma.

Fikri aliamka, akaenda kwenye sanduku la kulia, akatoa kadi ya Neemat Sirri. Nyuma yake, imefungwa kwa mpira uliooza, ilikuwapo barua. Bahasha ya manjano, stempu ya zamani, gundi haijaguswa.

Neemat alipoiona alishika ukingo wa meza. "Hukuifungua," alisema. "Nilidhani uliisoma ukakataa. Hata kuifungua hukuifungua, Fikri?"

"Sikuifungua."

Aliichana sasa, kwa haraka hadi akapasua kona. Ukurasa mmoja, maneno machache. Akayasoma kwa sauti, maana alikuwa ameficha ya kutosha. "'Ndugu Fikri, wamenifungia mlango, wanasema hapakuwa na ndoa. Sikuombi unitetee. Njoo tu useme uliyoyaona.'"

 Chini barabarani muuza gesi alikuwa akigonga mitungi yake.

"Inajulikana na mimi, Mheshimiwa," Fikri alisema. "Nilikuwepo. Baba yako alivaa suti ya kijivu, akatuapia kwamba amekwisha mwacha mama yako. Alitudanganya, na mama yako hana kosa lolote katika haya. Huyu naye hana. Mimi nilitia saini, kisha nikanyamaza kwa sababu ami yako alinipa kazi."

Uso wa jaji ulibadilika rangi. "Ushahidi uliofichwa miaka thelathini na minne si ushahidi. Ningekuwa kitini ningekufukuza mahakamani."

"Kweli kabisa. Basi nalo litaandikwa."

"Utapoteza kila kitu, mzee."

"Najua."

Jaji alimgeukia Neemat kwa mara ya kwanza. Alivuta karatasi yake. Chini yake akaiona ile iliyoshonwa kwa uzi, na saini ya baba yake, ile yenye mkia mrefu aliyokuwa akiiona utotoni kwenye ripoti za shule. Aliitazama kwa muda. Kisha akatoka, na kalamu yake akaisahau mezani.

"Umetuzika!" Haji Sabri alisema, akajitupa kitini. "Umetuzika wote, Fikri. Na isitoshe kitabu ni cha marehemu, mwanamke yu hai. Nitamweka wapi?"

"Palepale. Atakuwa peke yake aliye hai."

Fikri alichukua kalamu ya jaji akaandika. Haji Sabri alilaani, akaapa kwamba hii ndiyo karatasi ya mwisho ya Fikri atakayoipitisha mashineni, lakini akaipitisha. Baada ya saa moja na nusu karatasi za masahihisho zilirudi juu zimefungwa kwa kamba, zanuka wino.

Neemat alichukua ya juu akaisogeza karibu na pua. *Ukurasa wa 214. Neemat Sirri yu hai. Aliolewa na Daktari Nazih Shahbandar kwa karatasi na mashahidi wawili, na ni mjane wake. Shahidi: mtunzi wa kitabu hiki, aliyeona na akaficha.*

Fikri alingoja. Alitaka asikie neno, lolote, hata tusi.

"Umechelewa," Neemat alisema. Akakunja mikono ya nguo yake, akasogeza kiti karibu na marundo ya vitabu, akanyoosha mkono. "Nipe gundi. Nataka kuzibandika mwenyewe."